Wananchi Wamekubali kwa Kauli Moja

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya themanini, Mhariri wa Habari za Mikoani alinirudishia karatasi yangu akiwa amekata majina matatu kwa wino mwekundu. Nilikuwa nimetoka kidato cha nne, na majina hayo niliyatafuta kwa miguu kutoka Mwankoko hadi sokoni, nikiuliza watu habari za uhaba wa sabuni.

"Hawa ni akina nani?"

"Watu niliowahoji, mzee."

"Ukiwataja hawa watatu, wa nne atalalamika hakuulizwa. Andika wananchi. Huyo hajawahi kuja hapa ofisini na malalamiko."

Wenzangu walicheka, nami nikacheka.

Basi nikajifunza. Wananchi walipongeza, waliahidi, walilaani. Niliwaweka kwenye utangulizi, yaani aya ya kwanza inayobeba habari yote, na hakuna aliyeniuliza ni wangapi. Baada ya muda nilikuwa naandika habari ya mkutano kabla ya kwenda mkutanoni, nikibakiza nafasi ya jina la mgeni rasmi. Penye uamuzi niliongeza "kwa kauli moja", maana yake hakuna aliyepinga.

Nilipohamishiwa Manyoni nilitumwa kijiji kimoja kandokando ya reli, mbele ya Kintinku. Jina lake naliacha. Mwenyekiti alitaka mashamba ya mpunga ya bondeni yawe shamba la pamoja. Mkutano ulichelewa kuanza, na treni yangu ya kurudi ilikuwa inakaribia. Nafunga daftari, mwanamke akasimama. Nilimfahamu, ni Matika, mjane aliyenipa maji ya kunywa niliposhuka stesheni asubuhi.

"Mimi sitoi," alisema. "Wanangu wanakula hapo bondeni. Mwenyekiti, wewe unakula wapi?"

Watu wakacheka, kisha wakaanza kusema naam, naam. Mimi nikakimbilia treni. Habari niliyowasomea wa gazetini kwa simu ya posta kesho yake ilikuwa ile ile niliyoiandika kabla sijaondoka Manyoni.

Kumbe mkutano ulivunjika bila uamuzi. Gazeti lilipofika, Mwenyekiti alisimama nalo mbele ya watu wale wale, akawaonyesha kwamba walishakubali. Mashamba yakachukuliwa.

Matika alikuja ofisini kwangu. Nilimwamkia, akaitikia, akakataa kiti.

"Nisomee hapo niliposema ndiyo."

Nikamsomea. Akataka nirudie. Nikarudia.

"Hao wananchi, mimi nimo?"

"Mama, ndivyo tunavyoandika."

"Sijakuuliza mnaandikaje. Nimo?"

"Umo."

"Basi nitoe. Andika Matika alikataa. Nitalipeleka gazeti hilo kwao kama wao walivyoniletea lao."

Nilimwahidi. Nikampigia simu Mhariri kuomba masahihisho, ile habari fupi ambamo gazeti hukiri kosa lake. Akasema, "Unataka kuwasahihisha wananchi? Kijana, unaipenda kazi yako?"

Niliipenda. Sikuandika. Lakini sitamsukumia Mhariri kosa hili. Yeye hakuwapo mkutanoni, mimi nilikuwapo. Karani wa stesheni aliniambia yule mama alikuwa akija kila treni ya magazeti, anaomba asomewe. Niliacha kushuka stesheni ile. Matika alimaliza maisha yake akilima vibarua kwenye mashamba ya wengine, na habari za msiba wake nilizipata nikiwa nimeshahamishwa.

Nimestaafu, naishi Mandewa. Wajukuu wananishangaa: redio ikisema wananchi wamefurahishwa, nainuka, natoka nje, narudi, nainuka tena. Mara mbili nimekwenda stendi kukata tiketi ya kule, nikarudi nyumbani, maana sikujua nitawaambia nini wana wa Matika.

Nyinyi mnaoanza kazi hii leo mna simu za kurekodi, na bado nasoma kwenu "wadau wamepongeza". Ni yule yule, amebadilisha shati. Muulizeni jina. Akisimama mtu kupinga, treni iacheni iende.

Mhariri wangu ameshatangulia, na hakuna wa kunikatia kwa wino mwekundu. Kwa hiyo naandika aliyoniagiza Matika, nayo nitawapelekea wanawe kwa mkono wangu:

Masahihisho. Tuliandika kwamba wananchi walikubali kwa kauli moja kutoa mashamba yao ya bondeni. Si kweli. Matika alikataa. Alisimama, alisema, nami nilimsikia.