Wote Tuliitwa jina-lako

Niliacha shule mapema nikazoea kuhamahama: Nakuru, Mwanza, Bujumbura, kisha Kampala. Nilipanga chumba Makindye, na mtu pekee niliyezungumza naye alikuwa jirani yangu Mkongomani, muuza vitenge. Mchana nilibeba mizigo. Jioni niliwasha kompyuta kuukuu nikachangia kamusi ya bure ya Kiswahili, pamoja na watu wa kujitolea ambao sijawahi kuwaona.

Tulitumia programu inayotunza kila badiliko: nani kalifanya, lini, kwa nini. Niliipenda. Cheti sikuwa nacho, lakini pale kazi yangu ilibaki.

Ofisi moja ya kompyuta mtaani Naguru ikaniita kwenye usaili wa kazi. Mkenya mmoja, mdogo kwangu kwa umri, akafungua orodha ya mabadiliko.

"Kaka, kazi zako hapa ni zipi?"

"Hizo zilizoandikwa jina-lako."

"Zote?"

"Hapana. Hiyo ya chini ni ya mwingine."

"Naye anaitwa jina-lako?" Alicheka hadi akavua miwani. "Kumbe mko ukoo mmoja! Sasa nitajuaje wewe ni yupi?"

Kazi sikupata.

Niliporudi nikausoma upya mwongozo wa programu ile, ambao sote tuliujifunzia. Ukurasa wa kwanza, maneno ambayo msomaji alipaswa kuyabadilisha na kuweka yake yaliandikwa kwa herufi kubwa. Wa pili, yaliwekwa ndani ya mabano ya pembe. Ukurasa wa kujitambulisha haukuwa na alama yoyote: amri iliishia na jina-lako, kwa herufi zilezile za amri, nami nikanakili kama ilivyo. Wenzangu vilevile. Kila mmoja alijifunza peke yake, bila mtu pembeni wa kumwambia, "Hapo weka lako."

Nikaamua kuuandika upya. Kila cha kubadilisha, kurasa zote, kikae ndani ya mabano: <jina lako>. Nikamwita jirani ajaribu. Akaandika jina lake na mabano yake. Kompyuta ikakataa.

"Mabano unayatoa," nikamwambia.

"Umesema wapi, yaya?" akauliza, yaani kaka kwa lugha ya kwao. "Mimi nimefuata karatasi yako."

Kweli, sikusema popote. Nikaongeza juu kabisa: toa na mabano pia. Chini ya amri nikaonyesha jibu ambalo msomaji ataliona akipatia. Akajaribu tena.

"Nimo!" akapiga kelele, akigusa jina lake kwenye kioo. Kisha akarudi kwenye vitenge vyake.

Niliwatumia wenzangu wa kamusi kurasa zile kwa jina langu halisi. Zilipokelewa bila neno. Mabadiliko ya zamani sikuyagusa. Kuyageuza jina kungevuruga nakala za kamusi zilizo kwenye kompyuta ya kila mtu.

Jioni moja nikafungua orodha. Juu kabisa palikuwa na jina la mwanamke nisiyemjua, amesahihisha neno moja. Chini yake, langu. Chini yetu, jina-lako, jina-lako, hadi mwisho. Nilizisoma kazi zote polepole. Zangu nilizitambua. Zile nyingine nilizisoma nikijiuliza wenyewe wako wapi, na kama kuna yeyote aliyewahi kuulizwa zake ni zipi.