Mtihani wa Kupanga Chumba

Mwalimu mstaafu alijenga vyumba vinne vya kupangisha kwa kiinua mgongo chake. Miaka thelathini na moja ya chaki ikaishia kwenye kuta na bati. Rangi nzuri, uzio mzuri, na huu ulikuwa mwezi wa tano bila mpangaji hata mmoja. Si kwamba watu hawakuja. Dalali aliwaleta mpaka soli ya kiatu ikaisha. Shida ilikuwa mtihani.

Maana mwalimu alishasikia habari za wapangaji wanaohama na balbu za watu, akaapa kwake hataingia mtu asiyechujwa. Akatunga maswali kumi, jibu yote, dakika thelathini. Mwombaji aliketishwa barazani, naye mwalimu akasimamia, mikono mgongoni, akipita nyuma yake taratibu. Swali la pili: "Unaoga kwa muda gani? Eleza." Kinyozi alipata nne. Dereva aliruka la saba, akaambiwa ajaribu mwakani. Mtu na mkewe, ndoa yao ina wiki tatu, waliandika majibu yaleyale neno kwa neno. Mwalimu akawafutia wote wawili kwa kosa la kunakiliana.

"Lakini hao ni mke na mume," dalali akalalamika.

"Mimi nilikaa na marehemu mume wangu miaka ishirini na sita, hatukuwahi kukubaliana hata rangi ya pazia. Hao wameibiana."

Mwanawe naye akachoka. "Mama, Jumamosi nakuja na mnunuzi. Kama hakuna mpangaji, tunauza, unahamia kwangu." Mwalimu alimpenda mwanawe, na mkwewe pia, lakini alijua vizuri kwamba mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Jumatano akaja fundi cherehani, mama wa makamo asiye na haraka. Aliisoma karatasi yote, akaigeuza, akaanza kuandika nyuma yake.

"Mwalimu, maswali yako nitajibu. Ila na mimi nina yangu kumi."

Maji yanatoka saa ngapi? Saa saba mchana ndani kuna joto gani? Kitanda kikiingia, mlango unafunguka? Mwalimu akayasoma yote kumi. Hakujua hata moja. Vyumba vile alivipaka rangi akavitia kufuli, ila kukaa ndani hakuwahi hata nusu saa.

Alhamisi alibeba kitanda chake, ndoo na karatasi ile, akashinda chumba namba tatu. Kitanda kilipowekwa, mlango ukagoma nusu njia, ikabidi awe anapita kiubavu, na mwenyewe si mwembamba. Bomba lilikohoa mpaka saa nne ndipo likatema maji ya kahawia. Saa saba alikuwa ameketi na kitambaa kibichi kichwani, akiulaani mkono uliookoa pesa ya dari. Kudanganya kwenye mtihani hakuweza, basi akajibu kweli tupu, kisha akatoa kalamu nyekundu akasahihisha. Tatu kwa kumi. Ilimuuma sana. Watoto wangapi wa watu aliwapa tatu kama ile, bila kujiuliza walifika nayo vipi nyumbani?

Jumamosi mwanawe aliingia na mnunuzi. Walimkuta seremala anageuza mlango ufungukie nje, dalali kashika bawaba, na mwalimu kasimama mbele ya fundi cherehani kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Tatu, mwalimu?" fundi cherehani akauliza, karatasi mkononi.

"Tatu. Bomba na dari ni mwezi huu, mlango unauona. Naomba kurudia."

Fundi cherehani aliikunja karatasi akaitia mkobani. "Wenye nyumba wangu wote walijipa kumi," akasema, "na paa zao zinavuja. Kesho naleta cherehani."

Mwanawe alimtazama mnunuzi, mnunuzi akatazama saa.

"Sasa huyu kapata ngapi, mama?"

"Hakufanya. Nimefanya mimi." Mwalimu akamgeukia dalali. "Weka chini hiyo bawaba, ukawatafute wale maharusi. Waulize kitanda chao kina upana gani, kabla seremala hajaondoka."