Herufi ya Mwisho ya Enguserosambu

Ligi yetu ilikuwa ya majina ya uongo. Kwenye diski ile ya gemu ya mpira, klabu kubwa za Ulaya zilivaa rangi zao zilezile, lakini majina yalikuwa ya kubuni. Tuliambiwa waliotengeneza gemu hawakulipia haki ya majina ya kweli. Jambo hilo lilinikera kupita kiasi. Nilikuwa kidato cha tatu, pale Karatu mjini, na sikuona raha ya kufunga mabao manne halafu nisome ubaoni kwamba nimeifunga timu isiyo ya mtu yeyote.

Nikajifunza kuyabadili. Menyu zilikuwa za Kijapani, hakuna aliyezisoma, tulikariri tu: chini mara tatu, kulia, bonyeza, bonyeza tena. Hapo kinatokea kibao cha herufi na mstari wa kuandikia jina. Mwenye banda la gemu, mama wa Kichaga mwenye ulimi mkali, aliniruhusu nibadili ligi nzima mchana mmoja wa mvua. Nikaweka kata za wachezaji wetu. Nilianza na Qurus, kwetu, nikafuata Endabash, Mang'ola, Kakesio, na nyingine. Majina yote yalikaa yamesogea kidogo kulia. Nikaona yamependeza.

Rafiki yangu wa darasani alitoka Enguserosambu, mbali kule Loliondo, na shuleni kwetu alikuwa peke yake kutoka huko. Jina la kwao liligoma. Nilipofika kwenye u ya mwisho, mashine ilitoa mlio wa kukataa. Likabaki Enguserosamb.

"Ero, umekata mkia," aliniambia, akiniita kijana kwa Kimaasai chao. "Hiyo si kwetu."

"Mashine ndiyo imekata."

"Mbona Qurus haijakata?"

Benchi zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka kuliko wote. Tangu siku hiyo wenzetu walikuwa wakimwuliza kila asubuhi kama ile u imeshafika mjini au bado inaswaga ng'ombe njiani. Yeye aliendelea kuja bandani, akaichagua timu yake yenye jina pungufu, akacheza.

Tulikuwa na sheria yetu. Timu inayoshika mkia mwisho wa msimu inafutwa jina, kata nyingine inaingia. Rhotia walikuwa wanasubiri. Jumamosi ya mechi za mwisho, wawili tuliokuwa chini kabisa tulikuwa mimi na yeye, pointi sawa, ila yeye alinizidi mabao. Sare ingemtosha. Mimi nilihitaji kushinda, la sivyo Qurus ingefutwa mbele ya macho ya vijana wa Qurus waliojazana mlangoni.

Kabla hatujaanza alinigeukia. "Nikibaki, utanitafutia nafasi ya hiyo u. Nikishuka, basi, sitaiulizia tena."

"Sawa," nikasema, bila kumtazama.

Alitangulia kufunga. Nikasawazisha kipindi cha pili, kisha dakika zikaanza kukimbia na vidole vyangu vikaanza kuteleza kwa jasho, mchana ule wa baridi. Yeye aliituliza pedi ya kuchezea juu ya magoti, akawa anapiga pasi za nyuma tu, taratibu, kuua muda. Nilimchukia. Nasema kweli, kwa dakika zile nilimchukia, kana kwamba alikuwa anachukua shamba letu. Mama mwenye banda alisimama nyuma yetu na kanga yake mdomoni. Dakika ya themanini na tisa beki wake akaurudisha mpira kwa kipa, mfupi, nikaunasa, nikafunga.

Watu wa Qurus walinibeba juu. Nilipotua chini yeye alikuwa bado amekaa, pedi mkononi.

"Futa," alisema. "Futa wewe, uliyeandika."

Akageuka, akaupa uso mlango. Nikapita njia ileile, chini mara tatu, kulia, bonyeza, bonyeza tena, nikaanza kufuta kutoka nyuma. Kila herufi ilitoa mlio wake. B, m, a, s. Wengine walikuwa wameshatoka nje kushangilia. Nilipoifuta E ya mwanzo nilibonyeza mara moja zaidi, kwa mazoea tu, na mashine ikalia tena. Ilikuwa imefuta kitu.

Nilikodoa macho kwenye mstari mtupu. Kisha nikaelewa. Ile bonyeza ya pili tuliyoikariri haikuwa ya kufungulia kibao. Kibao kilikuwa kimeshafunguka kwa ya kwanza. Ya pili ilikuwa inaandika nafasi tupu, mwanzoni mwa kila jina, na ndiyo maana yote yalisogea kulia. Qurus fupi haikudhurika. Enguserosambu ina herufi kumi na tatu, na mstari ulikuwa na nafasi kumi na tatu. Nikajaribu, haraka. U ikaingia. Jina zima likakaa pale, safi, mkia wake ukiwa mahali pake.

"Tayari?" aliuliza, bado ameutazama mlango.

Nilikuwa na jina la kwao mbele yangu, limetimia. Ningeweza kumwambia ageuke. Nikabonyeza kufuta, mara kumi na tatu, nikaandika Rhotia.

"Tayari."

Akasimama, akavaa sweta lake. Mlangoni akasita. "Lakini ile u, kweli haikutosha?"

"Haikutosha," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu aliniamini.