Mama Taqwa wa Kikuubo

Uongo ulimtoka Nusura kabla hajaufikiria. Alikuwa dukani kwake Kikuubo, kwenye vichochoro vya maduka ya jumla, akimfungia vitenge mteja mpya, Mkongo aitwaye Exaucée, ambaye alikuwa ameanza kuja kila mwezi kuchukua mali ya kupeleka Butembo. Exaucée akamwuliza, kama wanawake wanavyoulizana wakishazoeana, "Wewe ni mama nani?"

"Mama Taqwa," Nusura akajibu.

Hakukuwa na Taqwa. Nusura alikuwa na miaka minane ya ndoa, na daktari alikwisha kumwambia kwamba mirija yake ya uzazi imeziba, yote miwili. Kwao Kibuli, katika ukoo wa wafanyabiashara ambao mababu zao walitoka pwani, mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza. Yeye waliendelea kumwita Nusura, na kila walipomwita alihisi kama wamemkumbusha.

Mwezi uliofuata Mkongo akarudi. "Taqwa hajambo?" Ikabidi Taqwa awe hajambo. Mwezi mwingine ikabidi ang'oke jino. Akaanza darasa la kwanza, akaugua malaria, akapona. Nusura aliyasema hayo huku akipima kitambaa, akashangaa jinsi yalivyokuja yenyewe: kwamba mtoto hapendi maziwa, kwamba akilala hukunja ngumi.

Kisha mtoto akaja nyumbani.

Si kwamba alimwona. Alijua tu kwamba yupo. Akiswali, alihisi kuna mtu mdogo amekaa nyuma ya mswala wake. Akifunga mlango, alisita kidogo, kana kwamba mmoja wao bado hajaingia. Chumbani ndiko kulikokuwa kubaya zaidi. Mumewe Maftah, mwalimu wa madrasa, mtu mpole asiyepaza sauti, alipomgusa tu, Nusura alihisi yule mtoto amesimama miguuni pa kitanda, akingoja kwa subira ya mtoto aliyeahidiwa kitu. Mwili ulikakamaa. Akaanza kuoga bila kuwasha taa. Kioo akakigeuza kikaelekea ukuta. "Nimechoka" likawa jibu lake la kila siku, mpaka Maftah naye akaacha kuuliza.

Daktari ndiye aliyempa namba ya Akidi. Akidi alikuwa mnasihi, binti wa askari polisi kutoka Gulu, aliyekulia katika kambi ya polisi ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kila mlango. Aliwahudumia kwa simu ya video wanawake waliokosa watoto, wakazungumza juu ya ndoa zao na miili yao. Kila Jumatano adhuhuri Nusura alijifungia stoo, akaketi juu ya robota, simu kaiegemeza kwenye marundo ya vitambaa.

"Niambie kitu kimoja cha mwili wako unachokipenda," Akidi alimwambia siku ya kwanza.

"Hakuna, dada."

"Sikuulizi habari za tumbo."

Nusura alipapasa ukingo wa kitambaa kilichokuwa karibu. "Vidole," akasema. "Nifumbe macho, unipe kitambaa. Nitakuambia kama ni pamba tupu au kimechanganywa."

"Basi tuanzie vidole."

Akampa kazi ya nyumbani. Yeye na Maftah washikane mikono na mabega kwa dakika kumi, wasiende mbali zaidi ya hapo, wasifikirie mtoto. Nusura aliitikia, lakini hakuifanya. Jumatano ya tatu Akidi akataka kujua sababu.

"Ananitazama," Nusura akasema.

"Mumeo?"

"Taqwa."

Hapo akamweleza yote. Akidi hakushtuka. Alimwuliza mtoto ana miaka mingapi, anasimama wapi, kisha akauliza taratibu, "Anataka nini kwako?"

"Anataka kuzaliwa, dada. Na mimi sina mlango wa kumpitishia." Akalia mpaka muda wao ukaisha.

Wiki hiyohiyo Exaucée alileta zawadi kutoka kwao: gauni la njano la mtoto wa miaka saba. Nusura alilificha kabatini chini ya mashuka. Ijumaa, Maftah akitafuta kanzu yake, akalikuta.

"La nani hili?" Alilishika kwa vidole viwili. "Nakuuliza kwa amani, mke wangu. Una mtoto uliyemwacha mahali kabla hujanioa... kabla sijakuoa?" Maneno yenyewe yaligongana mdomoni mwake.

Angeweza kudanganya tena. Alikwisha kuwa fundi. Badala yake akaketi sakafuni, akaanza na siku ile ya vitenge. Alipomaliza, msikiti wa juu ya mlima wa Kibuli ulikuwa ukiadhini alasiri, na Maftah hakuinuka.

"Mimi nilidhani unanichukia," alisema mwishowe. "Mama alipokuja na habari za mke wa pili nilimkatalia, na wewe ukazidi kunigeuzia mgongo. Nikajua umenichoka." Akalikunja lile gauni. "Yupo hapa sasa?"

Nusura akatazama mlangoni. "Yupo."

Maftah akasogea kidogo pale sakafuni, kama mtu anayempisha mwenzake akae.

Jumatano iliyofuata walikaa wote wawili mbele ya Akidi kwenye simu, wamebanana juu ya robota moja. Na Exaucée aliporudi, Nusura alimwambia ukweli.

"Hayupo?" Exaucée akauliza.

"Hakuwahi kuwapo."

"Nilimwombea kila Jumapili. Alipougua malaria nilifunga siku mbili." Hakupiga kelele. "Maombi yangu yalikwenda kwa nani?"

"Nisamehe."

Exaucée aliondoka bila kununua kitu. Ilipita miezi miwili ndipo akasimama tena mlangoni. "Nusura," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. "Nionyeshe vitenge vya bluu." Hakuuliza lolote jingine, na tangu hapo hajawahi kuuliza.

Zile dakika kumi walizianza Jumapili moja baada ya chakula cha mchana. Mara ya kwanza Nusura alilia. Mara ya pili alilala usingizi, mkono wake ukiwa kifuani pa mumewe. Wiki zikaenda, na mchana mmoja dakika kumi zilipita wala hawakujua, na hawakuwa wamekatazana kitu. Baadaye alipoinua kichwa, miguuni pa kitanda hapakuwa na mtu.

"Nilidhani nitafurahi," alimsimulia Akidi. "Nikainuka, nikajifunga khanga, nikamtafuta. Sebuleni. Uani. Nilifika mpaka jikoni."

"Ungempata, ungemwambia nini?"

Nusura akasogea kidogo juu ya robota, kama alivyosogea Maftah siku ile, pakabaki nafasi ya mtu mdogo. Nje ya stoo wachukuzi walikuwa wakipiga kelele wapishwe. Muda ulikuwa umekwisha, lakini Akidi hakukata simu.