Altaneta ya Mwalimu Musyoka

Nakumbuka siku moja, nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nilipomjibu kwa uongo mtu aliyefiwa. Yalikuwa maneno machache tu, mwanangu, na mpaka leo sijayamaliza.

Nilikuwa fundi wa umeme wa magari pale Tawa, katika gereji ya Mzee Nzioka. Ndiye aliyenifundisha kufungua stata inayowasha injini, kubadilisha brashi, vile vipande vya kaboni vinavyopitisha umeme, na kusuka upya nyaya za shaba za altaneta. Kama hujawahi kuiona, altaneta ni mtambo mdogo unaozungushwa na mkanda wa injini. Ndio unaotoa umeme wa gari na kuchaji betri safari nzima. Ukikataa kazi, gari la petroli hula betri mpaka iishe, halafu linazima popote lilipo.

Mzee alikuwa na sheria moja. Altaneta ikishatengenezwa, injini iachwe ikinguruma nusu saa, taa zote zikiwaka, ndipo upime. "Ikiwa baridi usiiamini," alikuwa akituambia. "Ngoja ipate moto."

Ijumaa moja Mzee akiwa matangani Kitui, Mwalimu Musyoka aliteremka kutoka Mbooni na pikapu yake kuukuu. Mke wake, Ndunge, alikuwa na mimba ya kwanza baada ya miaka saba ya ndoa.

"Kijana, Ndunge amekaribia siku zake," akaniambia. "Sitaki hii gari iniangushe."

Nilibadilisha brashi, nikawasha injini, nikaweka mita mara moja. Ilisoma vizuri. Kusubiri nusu saa kungenichelewesha mazoezi ya kwaya, na kusema kweli, kulikuwa na msichana wa sauti ya pili niliyetaka kuketi karibu naye.

"Iko sawa, mwalimu. Wewe enda tu."

Jumapili asubuhi Ndunge alishikwa na uchungu. Mbooni ilikuwa na ukungu na mvua, kwa hiyo Musyoka aliendesha kumpeleka hospitali taa zikiwaka na waipa zikifuta kioo. Njiani, wakipanda kilima kimoja, pikapu ilikohoa, ikazima. Akajaribu stata, haikutoa hata mlio. Kusukuma gari kwenye mwinuko ule, tena kwenye matope, hakukuwezekana. Yeye na majirani walimbeba Ndunge ndani ya blanketi, wakiteleza, mpaka barabara kubwa. Walipofika hospitali, mama alikuwa hai. Mtoto, msichana, alikuwa amekufa.

Jumanne Musyoka alikuja nyuma ya trekta lililovuta pikapu. Hakupiga kelele. Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Kijana, si uliipima vizuri?"

"Niliipima, mwalimu. Labda uliacha redio ikicheza, betri ikaisha."

"Ni kweli," akasema polepole. "Jumamosi nilikaa ndani ya gari nikasikiliza habari." Akageuka, akaondoka kwa miguu.

Mzee Nzioka aliporudi aliiwekea pikapu betri nzuri, akaiwasha na kuwasha taa zote, akavuta kigoda. Hata robo saa haikuisha kabla mita haijaanza kushuka. Aliifungua altaneta mbele yangu, akanionyesha waya uliokatika ndani: ukiwa baridi ncha zake zinagusana, ukipata moto zinaachana.

"Uliiacha nusu saa?"

Nilianza kueleza habari za brashi. Akanikatiza. "Sijauliza brashi. Uliiacha nusu saa?"

"Hapana, Mzee."

"Na Musyoka ulimwambia nini?"

Nilipomwambia, alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. "Kosa la waya ningekufundisha, tukamaliza. Lakini kumwambia baba wa mtoto ati ni yeye? Hilo sina spana yake. Panda Mbooni."

Sikupanda. Niliogopa, mwanangu. Miezi mitatu ilipita, na Mzee hakuniruhusu kugusa altaneta hata moja. Nilibadilisha balbu tu. Kisha nikasikia sokoni kwamba Ndunge amerudi kwao Mutomo, kwa sababu hawezi tena kumtazama mumewe. Hapo ndipo nilipopanda.

Nilimkuta Musyoka shambani, anachuma maharagwe. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Akaketi chini kwenye udongo.

"Niling'oa ile redio kwa mikono," akasema. "Nikaivunja na jiwe." Baadaye akaongeza, "Usiniombe msamaha saa hii. Enda umwambie Ndunge. Mimi hawezi kuniamini."

Nilisafiri Mutomo, nikamkuta Ndunge akiwanywesha mbuzi. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndoo ingali mkononi.

"Nilimwita muuaji," akasema. "Mbele ya mama yake. Kama ungesema ile Jumanne..." Hakumaliza. Aliweka ndoo chini, akaingia nyumbani, nami nikasikia kilio chake nikiwa nimesimama na mbuzi.

Alirudi Mbooni mvua zilizofuata, na Musyoka mwenyewe alikuja kunipa mkono. Lakini hawakupata mtoto mwingine. Na ile miezi waliyolia kila mmoja peke yake, wakati walipohitajiana kuliko wakati wowote, mimi ndiye niliyewanyang'anya. Wote wawili wameshazikwa. Nilihudhuria, nikasimama nyuma.

Siku hizi pikipiki za umeme zinapanda milima yetu, na wewe unajifunza mota zake. Una vifaa vinavyokuonyesha hitilafu kwenye simu. Ni vizuri. Lakini nakuomba, pima kazi yako ikiwa na mzigo na ikiwa na moto, hata kama una haraka ya mambo matamu. Na ukikosea, kwa maana utakosea, sema siku hiyo hiyo. Mtu aliyefiwa anatafuta sababu, na usipompa ya kweli atajitwika lawama yeye mwenyewe. Aibu yako ni ndogo kuliko mzigo huo.

Mungu aishike mikono yako, mwanangu. Akupe subira ya nusu saa, na akikuona umekosea, akupe miguu ya kupanda mlima mapema kuliko nilivyopanda mimi.