Muhuri wa Katibu wa Tawi, Dutwa

Katibu wa tawi la chama huupulizia muhuri pumzi mara mbili, huutazama, kisha huurudisha mezani na kusema kwa upole, "Rudi kesho." Zamani chuo kikuu hakikumpokea mtu bila muhuri huo, ndivyo Mwalimu Mboje alivyokikosa miaka mitatu, ingawa kila msimu alipalilia pamba ya tawi. Mwaka 1993 Milembe, binti aliyefundishwa kusoma na Mboje, aliingia ofisini kwa katibu kuwaaga wote wawili, barua ya chuo mkononi. Katibu akaupulizia muhuri.

"Siku hizi chuo hakiulizi chama, baba," binti akacheka.

Mkono wa katibu ukabaki juu, muhuri ukikauka. Mboje akaitazama barua kwa wivu.

"Mzee," akasihi, "mwambie arudi kesho."