Jina la Nane

Orodha ilikuwa na majina saba na mstari mmoja mtupu. Mstari ule ulinichosha kuliko mizigo yote niliyowahi kuiandikia stakabadhi pale stesheni ya Voi, na mpaka leo nikiukumbuka mabega yanalegea. Lakini wacha niseme, maana nimekaa nao miaka mingi na haujawahi kuwa mwepesi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Wazungu waliotengeneza uwanja wa gofu nyuma ya nyumba za reli walikuwa wamekwenda zao, wakatuachia uwanja, fimbo zilizochakaa na ngao moja ya mbao. Ngao hiyo tuliigombea kila mwaka na timu ya mashamba ya mkonge, wanane kwa wanane. Waliochagua timu yetu walikuwa wawili tu: stesheni masta, mtu wa sheria kupita kiasi, na mimi karani wake, niliyeshuka kutoka Mwanda, milimani kwetu Wataita, kutafuta mshahara. Majina saba hayakutupa taabu. La nane lilikuwa la dereva.

Nikisema dereva usidhani wa lori. Huyu alikuwa dereva wa treni, mtu mzima kutoka upande wa magharibi, mabega mapana, maneno machache. Kwa miaka mingi hakuna mtu wa mkonge aliyemshinda. Hata akina mama wa sokoni wasiojua gofu ni nini walijua kwamba Jumamosi dereva anacheza, na walimuuliza Jumapili kanisani kama ameshinda. Hata mimi, yeye ndiye aliyenifundisha kushika fimbo. "Wee Mtaita," alikuwa akiniambia, "hiyo si jembe. Unacheza au unalima?" Nilimpenda sana yule mzee, na nilimwogopa kidogo.

Halafu, tangu mvua za vuli, akaanza kushindwa. Mara ya kwanza alishindwa na mimi, na wote tukacheka, yeye akiwemo. Baadaye akashindwa na watu ambao hata mimi nawashinda. Mipira yake mirefu ikawa inaishia vichakani. Maneno nayo hayakukawia: amezeeka, siku hizi anakunywa, watu wa mkonge wamemroga. Aka! Mzee yule hakuwa akionja hata busaa, pombe ya kwao.

"Anastahili au hastahili?" stesheni masta akaniuliza, kalamu mkononi. "Nikimwacha, watasema sina shukrani. Nikimweka tukapoteza ngao, watasema nilimwonea haya."

"Mimi siwezi kusema, bwana."

"Kwa nini usiweze? Au kwa sababu wewe ndiye risavu?"

Hapo alinigusa penyewe. Dereva akiachwa, jina la nane lilikuwa langu. Nilikuwa nimekaa risavu misimu miwili, kazi yangu kubeba maji na kupiga makofi. Nilitaka kucheza, ya nini kudanganya? Nilitaka sana. Stesheni masta akakunja orodha, akasema basi, nicheze na mzee Jumamosi, nimletee ripoti Jumatatu, na neno langu ndilo atakaloandika.

Lazima nieleze kidogo uwanja ulivyokuwa. Voi ni kukavu, na pale kwenye mashimo hatukuwa na nyasi. Kila shimo lilizungukwa na duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya injini ili upepo usiupeperushe. Tuliita brauni. Ndani ya shimo tulizika kopo la mafuta ya kupikia, na mpira ukiingia kopo lililia kong! Nyayo za watu huvuruga mchanga, kwa hiyo kabla hujapiga unachukua ubao wenye mpini mrefu, unauburuta kutoka shimoni hadi ulipo mpira wako, njia inakuwa laini. Mdogo ndiye humburutia mkubwa. Ilikuwa ni heshima tu, hakuna aliyeiandika popote. Lakini dereva, kwa miezi kadhaa sasa, alikuwa hataki kuburutiwa. "Wacha nifanye mwenyewe," anasema, na sisi tukamsifu kwamba ukubwa haujamlevya.

Jumamosi tulianza asubuhi, kungali baridi. Akapiga wa kwanza, na mlio ulikuwa ule ule wa zamani.

"Umeelekea wapi?" akauliza.

Nikadhani ananitania. "Mzee, si wewe uliyepiga?"

"Nakuuliza wewe mwenye macho ya mbuzi wa Mwanda."

Tukacheka. Shimo la pili akauliza tena, na la tatu tena, na mimi nikawa sicheki. Mpira wake mmoja uliingia kwenye pango la ngiri. Nikautoa mimi, wakati yeye alikuwa akiutafuta hatua kumi kutoka pale, akipapasa majani kwa fimbo. Tukifika kwenye brauni, alichukua ubao, akaanzia shimoni, akarudi nyuma akiburuta huku midomo ikicheza. Niliposogea karibu nikasikia anahesabu hatua kwa lugha ya kwao. Halafu anapiga, anainamisha kichwa, anangoja kopo lilie. Na lililia! Karibu kila mara lililia. Nikaanza kujiambia kumbe mzee bado yupo, hii mipira mirefu ni mambo ya kupita.

Kwenye shimo la saba jua lilikuwa limepanda na shati lake limelowa mgongoni. Nikamwonea huruma. Nikawahi ubao kabla yake, nikamburutia njia safi kabisa, nikajitenga pembeni. Siku hiyo nilivaa raba nyeupe pe, mpya, nilizonunua kwa ajili ya timu ambayo sikuwemo. Mzee alisimama juu ya mpira muda mrefu. Akageuza kichwa huku, akageuza huku. Kisha akapiga, taratibu, kwa ustadi wake wote, na mpira ukaiacha njia niliyoiburuta, ukakata mchanga uliovurugika, ukaja moja kwa moja hadi kwenye kiatu changu cha kushoto.

Akainamisha kichwa, akangoja kopo lilie.

"Haukuingia?" akauliza baadaye.

Shimo lilikuwa hatua tatu nzima kutoka niliposimama. Bila kuhesabu hatua zake mwenyewe, mzee hakujua lilipo. "Umepita kidogo tu, Mzee," nikasema, na nikaichukia sauti yangu. Tulimaliza mashimo mawili yaliyobaki. Mimi nilikuwa naifikiria desturi nyingine, ile ya kwenye injini: msaidizi anaitaja ishara ya njia, na dereva anairudia kwa sauti, ndivyo sheria inavyotaka. Miezi yote hiyo mzee alikuwa akirudia anachotajiwa, na nani angejua?

Jumatatu nilikuwa na mambo mawili ya kumwambia stesheni masta, nikamwambia moja.

"Amepoteza fomu," nikasema. "Apumzishwe mwaka huu."

"Sababu?"

"Umri, nadhani."

Akaandika jina langu pale kwenye mstari mtupu. Niseme kabisa ili usingoje: mechi ile nilishindwa vibaya, na ngao ikaenda kwa watu wa mkonge. Lakini si hilo linalonichosha. Kama ningesema lile jambo la pili, la macho yake, mzee angeshushwa kwenye injini siku hiyo hiyo, na kwa kushushwa angetoka kwenye nyumba ya reli na watoto wake wanne bado wako shule. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nilijiambia pia kwamba si kazi ya karani kupima watu macho. Nilikuwa na sababu tele, na kila moja niliirudia mara mbili mbili.

Treni ya Jumanne ya kwenda Taveta, ya mizigo na mabehewa mawili ya abiria mkiani, ilikuwa yake. Mke wangu aliipanda kila wiki kwenda kununua ndizi za kuja kuuza Voi. Jumatatu hiyo, nilipotoka kazini, nikamkuta anakunja magunia yake.

"Kesho usiende," nikamwambia.

"Nisiende kwa nini? Ndizi zimekwisha."

"Usiende tu."

"Umeota nini wewe?"

Nikamfokea, mimi ambaye si mtu wa kufoka. Akaniangalia, akayarudisha magunia chini ya kitanda. Asubuhi nikakaa dirishani pangu nikawakatia wanawake wengine tikiti, mmoja baada ya mwingine, wa Mwatate, wa Bura, wa Maktau, wa Taveta. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni aliyelala mdomo wazi. Nikampa tikiti yake na kumtakia safari njema. Haki ya Mungu, nilimtakia safari njema, na treni ikaondoka.

Ilirudi salama Jumatano. Treni ilipoingia nilitoka nje nikahesabu mabehewa kana kwamba sikujua ni mangapi.

Alhamisi orodha ilikuwa imebandikwa ukutani. Dereva alikuja dirishani kwangu saa ya chakula, watu wametawanyika. Nikajiandaa kulaumiwa.

"Nimesomewa orodha," akasema. "Hongera."

"Mzee, naomba unielewe..."

"Ngoja kwanza. Mkeo mgonjwa?"

"Hapana. Mzima."

"Kila Jumanne hupita karibu na injini akaniambia, dereva, tufikishe salama. Juzi sikumsikia."

Mbele yangu kulikuwa na karatasi, nikajifanya nazipanga.

"Ulimzuia," akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na sijawahi kuona mtu aliyechoka namna ile akiwa amesimama. "Kwenye timu umenitoa. Sawa, hata mimi ningejitoa. Lakini kwenye injini umeniacha. Mke wako umemzuia. Wale wengine je, Mtaita? Wale si watu?"

Nikamwambia nilikuwa nawafikiria watoto wake.

"Watoto wangu niachie mimi." Akashika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. "Mimi kusema nimeshindwa. Kila nikiufikia mlango wa stesheni masta miguu inagoma. Siku ile kopo lilipokataa kulia, ukanidanganya, nikajua umejua. Nikashukuru. Nikasema, basi, Mtaita atanisemea. Kwa hiyo Jumatatu nilikaa nyumbani nangoja kuitwa. Sikuitwa. Jumanne nikapanda injini."

Nikaacha kuzipanga karatasi.

Akaniomba karatasi. Yeye alikuwa hawezi tena kuandika, mistari inamkimbia. Akanitajia maneno nami nikaandika: kwamba dereva anaomba kupimwa macho, na asipewe treni kuanzia leo hadi atakapopimwa. Nikamsomea.

"Ongeza hapo kwamba nimeomba mwenyewe."

Nikaongeza.

"Sikufukuzwa. Nimeomba."

"Nimeandika, Mzee."

Nikampa kalamu, nikamshika kidole, nikakiweka mahali pa kutia sahihi. Jina lake lilianza vizuri, likapanda juu ya mstari, likaishia ukingoni mwa karatasi. Machozi yalikuwa yananitoka, na nilishukuru kwamba mzee hayaoni, kisha nikaona aibu kwa kushukuru. Akaikunja barua mwenyewe, mara mbili, akiusawazisha mkunjo kwa kucha.

"Raba zako zilikuwa nzuri," akasema. "Uwanja mzima nilikuwa nikiziona hizo tu."

Akageuka kuelekea mlango wa stesheni masta, mkono mmoja ukigusa ukuta. Alipofika akasimama, nikadhani miguu imegoma tena, nikainuka kumfuata. Lakini alikuwa amekumbuka jambo.

"Mwambie mama watoto aende sokoni Jumanne," akasema. "Dereva atakuwa mwingine."